Zwelakhe Hataki Kutoka

Kwa mara ya tatu Zwelakhe alikataa kutoka.

Nokwakha alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya chumba namba tano, blanketi begani. Baridi ya chumba kile haikuwa ya leo. Ilitunzwa humo pamoja na ndoo, sahani ya bati na pingu, ili wageni wapite na kuitazama.

"Bhuti, twende nyumbani," alinong'ona. Ndivyo alivyomwita kaka yake tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. "Ni mimi, Nokwakha. Nimekuja kukuchukua."

Zwelakhe alikuwa mkaidi tangu zamani. Hata kuitwa kula alitaka kubembelezwa.

Gereza hilo la zamani lilikuwa sasa makumbusho, dogo tu, vyumba sita na ua. Wiki mbili nzima Nokwakha alizunguka makumbusho ya upande ule akimtafuta: nyumba ya misheni yenye kinanda kibovu, kisha mahakama ya kale iliyobaki na kiti cha hakimu. Kumbe yuko hapa, mle mle walimomfungia ujanani. Jina lake lilikuwa ukutani, la saba kutoka juu.

Nyumbani, ng'ambo ya mto Tsomo, ukoo ulikuwa umekusanyika. Pombe ya mtama ilishaiva, ng'ombe yumo zizini anangoja. Mama yao, miaka tisini na mitatu, hakutia kitu kinywani tangu Jumapili. Kila asubuhi alisema neno moja tu: "Mwanangu anasikia baridi." Nguvu zake zilikuwa za siku moja, labda mbili. Asipompokea Zwelakhe leo, hatampokea tena.

Na teksi ya mwisho ya kwenda Tsomo ilikuwa inaondoka saa kumi na nusu.

"Tunafungaaa!" mlinzi alipaza sauti kutoka ukumbini. "Watu wote nje!"

Nokwakha hakuitika. Wazee walimwonya: ukishakuwa na Zwelakhe, usizungumze na mtu mwingine, hata salamu. Akikusikia unaongea na wengine atadhani umemwacha, naye atarudi ndani. Na akirudi, nani atamtoa?

Akamshika kwa nguvu.

"Bhuti, Mama hali chakula. Nikamwambie nini mimi? Kwamba umependa gereza kuliko uji wake?"

Pale pale akahisi kaka yake amelegea. Akainuka naye. Alikuwa mwepesi, mwepesi kama ukuni mkavu, na Nokwakha akalia bila kutoa sauti. Akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, asipigwe na upepo wa ua.

"Haya, tunatoka. Hapa pana kizingiti. Hii ndiyo korido, unaikumbuka. Usitazame nyuma."

Mlangoni mlinzi alikuwa amesimama, funguo mkononi. Aliitwa Siphiwo, mtu mnene mwenye masharubu.

"Mama, simama hapo hapo."

Akasimama.

"Mwezi jana tumeibiwa ufunguo wa kale hapa. Leo wewe umekaa chumba namba tano saa nzima, na hilo blanketi limevimba. Umebeba nini?"

Nokwakha alitazama sakafu.

"Aa! Wakati unaingia uliniita mkwe, ukasema kitambi changu kina mimba ya miezi saba. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Sasa mdomo umeutia kufuli?"

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini. Huko nje teksi ilipiga honi. Nokwakha akahisi Zwelakhe anakuwa mzito tena, anavuta kurudi walikotoka.

"Naita polisi, Mama. Sitanii."

Neno hilo! Mahali hapa, mbele ya Zwelakhe!

"Usimsikilize, Bhuti," Nokwakha alisema haraka, macho chini. "Hawa si wale. Wale walishakwenda."

Siphiwo aliona tone la damu kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi, kisha la pili. Yalitoka kwenye kidole gumba cha bibi huyu, naye hakuachia alichokishika.

Nokwakha akafunua blanketi. Kidogo tu.

Siphiwo akatazama. Mkono uliokuwa unatafuta simu ukapanda kichwani, ukavua kofia.

"Nisameheni," alisema. "Nisameheni sana. Mimi pia nina wazee."

Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akafungua mabawa yote mawili ya mlango mkubwa, ule usiofunguliwa ila kwa wageni wa serikali.

"Pita, Tata," alisema, akiinamisha kichwa kama mbele ya baba yake. "Hapo nje pana ngazi tatu. Taratibu."

Nokwakha alizihesabu kwa sauti, moja moja, mpaka ya mwisho. Akavuka barabara.

Dereva wa teksi alikuwa ameshawasha gari.

"Harakisha, Mama! Mko wangapi?"

Akamwonyesha vidole viwili, akalipa nauli ya watu wawili.

"Haya, huyo mwenzako yuko wapi? Mimi simngoji mtu, nakwambia kabisa."

Nokwakha akalifungua blanketi. Kwenye kiti cha dirishani akalaza tawi la mti wa miiba, lile alilopewa na wazee la kubebea roho ya marehemu, mwiba mmoja ukitazama mbele, mwingine umejikunja nyuma, akalifunga mkanda. Dereva akazima redio.

"Kaa hapa, Bhuti, uone njia," akaliambia lile tawi. "Siku ile walikutoa mle maiti, na kaburi hawajatuonyesha mpaka leo. Tukifika mtoni nitakwambia."