Barua ya Kukataliwa

Xaveria alikuwa amemwaga sakafuni kila kitu kilichokuwa ndani ya sanduku la mama yake, na redio ilikuwa imeshatangaza saa tano. Alipapasa vitenge, vyeti vya ubatizo, koti la marehemu baba. Mama akirudi kutoka shambani Sigino akute fujo ile, patachimbika. Basi na pachimbike.

Alichokitafuta ni karatasi moja tu. Saa sita kamili kamati ya rufaa za udahili ingefunga shauri lake pale Babati mjini. Bila karatasi hiyo alikuwa amekwisha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka jana chuo kimoja kilitenga nafasi tatu za ualimu kwa watu wenye ulemavu. Xaveria, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, akaomba. Barua ya majibu ikaja kupitia sanduku la posta la parokia. Ilikuwa ya wino, kana kwamba vipofu wana macho ya akiba. Mama, ambaye zamu yake ikifika husoma somo la kwanza kanisani bila kukwama, aliisoma polepole sana: tunasikitika, nafasi zimejaa.

Xaveria aliomba aishike. Pale chini vidole vyake vikakutana na mhuri wa kubonyeza, uliotuna vizuri kama nukta za vitabu vyake vya shule. Pamoja na uchungu wote, alicheka. Hawa watu hata wakikukataa wanakukataa kwa heshima.

Miezi miwili baadaye redio ikasema nafasi zile tatu zilibaki wazi, na chuo kilitaka kuzigawa kwa waombaji wengine.

Sasa zilijaa au zilibaki wazi? Hasira ilimpanda Xaveria. Alikwenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, akampata wakili Elieshi, mwanamke wa maneno machache asiyejua kurudi nyuma. Wakafungua shauri. Chuo kikajibu kwamba kiliwaita watu na watu hawakutokea. Majina yao je? Hakikuwa nayo, kompyuta ya udahili iliungua.

"Kompyuta nayo imeungua!" Xaveria alisema. "Mbona haikuungua ada?"

"Wacha waseme," Elieshi alimjibu. "Wewe niletee hiyo barua yao. Waliandika zimejaa, nitawafunga mdomo kwa mkono wao wenyewe."

Hapo ndipo Mama aliposema barua imeliwa na panya.

"Achana nao, mwanangu," alisema huku akimsuka nywele. "Wale ni watu wakubwa, watakuaibisha bure. Tangu baba yako atutoke tuko hapa mimi na wewe. Tumepungukiwa nini?"

Xaveria hakubishana. Nyumba yao ya Nangara ilikuwa na paka wawili, hivyo panya ilikuwa hadithi tu. Alijua Mama ameificha kwa huruma, asimwone mwanawe akichekwa na mawakili wa suti. Alimpenda kwa hilo, na alimkasirikia kwa hilohilo. Huruma isingempa darasa la kufundisha. Kamati ikilitupa shauri leo, kesho nafasi zingegawiwa, naye angebaki kuchambua maharage uani mpaka uzee umkute.

Vidole vikagusa sare ya WAWATA, ile ya kina mama wa parokia, iliyokunjwa kwa uangalifu mno. Katikati ya mikunjo kulikuwa na kitu kigumu. Akashusha kidole taratibu mpaka mwisho wa karatasi.

Mhuri.

Alilia kidogo, akajifuta kwa sare hiyohiyo, akachukua fimbo yake nyeupe akatoka mbio. Hakurudisha hata kitenge kimoja.

"Nikimbize mjini, kaka," alimwambia dereva wa bajaji. "Nikichelewa nimekwisha."

"Poa dada. Shikilia bomba hilo."

Alipofika mlangoni mwa ukumbi, sauti ya mwenyekiti ilikuwa inasoma: "...na kwa kuwa mlalamikaji ameshindwa kuleta ushahidi wowote..."

"Ninao!" Xaveria alipaza sauti. "Shikamoo, Mwenyekiti! Ushahidi ninao!"

"Marahaba," mwenyekiti alijibu, akiwa ameshtuka.

Xaveria aliingia fimbo ikigonga miguu ya viti na ya watu. Wakili wa chuo alisimama akapinga, muda umekwisha. Mwenyekiti akamwambia akae, bado dakika nne.

"Wakili Elieshi, mteja ni wako. Isome kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu."

Karatasi ikatoka mkononi mwa Xaveria. Alisikia ikikunjuliwa. Mwaka mzima alilichukia lile neno, tunasikitika, na sasa alilingoja kwa hamu yote aliyokuwa nayo.

Elieshi hakusoma.

"Soma, dada," Xaveria alimhimiza. "Wasikie walichoniandikia."

"Xaveria." Sauti ya wakili ilikuwa imeshuka. "Nani alikusomea barua hii?"

"Mama. Alinisomea huku analia."

Mwenyekiti akakohoa. "Wakili, tunasubiri."

"'Ndugu Xaveria,'" Elieshi akasoma, kwa shida, "'tunayo furaha kukufahamisha kwamba umechaguliwa...'"