Misumari Mdomoni

Mwadini alikuwa amebana misumari midomoni alipoiona picha ya nguruwe.

Nguruwe mwenyewe anacheka, mashavu mekundu, kwenye kopo jipya la mafuta. Liao, msimamizi wa vibarua wa Kichina, alikuwa akichovya misumari humo kabla ya kumpa, ili iingie kwenye mbao ngumu bila kuzipasua. Kopo la zamani halikuwa na picha, na Mwadini hakuwahi kuuliza. Alijua ni grisi. Naye ni seremala wa Unguja, na seremala wa Unguja misumari huibana midomoni, mikono ibaki na kazi yake.

Akanyoosha kidole kwenye kopo jipya, kisha kwenye la zamani. Ni mafuta yale yale? Liao akaitikia kwa kichwa, tena kwa fahari, akakoroma kidogo kama nguruwe ili mgeni asibaki na shaka.

Misumari ikaruka. Mwadini akashuka mbio ngazi za mnara wa mbao aliokuwa akiukaza, mkono mdomoni, akaufikia mfereji wa maji, akatapika mpaka nyongo. Tangu aje Guangzhou anamung'unya mafuta ya nguruwe kama mtoto na peremende, na kila adhuhuri anasali kwa mdomo huo huo! Astaghafirullah. Mate yake mwenyewe yalimtia kinyaa, akawa anayatema tu.

Na yote hayo kwa ajili ya reli ya kuchezea. Bustani ile ya starehe ilikuwa Nansha, pembezoni mwa Guangzhou, kando ya bahari, na reli yake ilikuwa ya zamani, ya mbao tupu, ile ya vigari vinavyopandishwa juu ya minara kisha vikaachiwa viporomoke, watu wakipiga mayowe. Mwadini, aliyeajiriwa hapo kwa ufundi wa mbao, aliipenda tangu siku ya kwanza, pamoja na kinyesi chake cha popo na mbao zilizotota zinazonuka kama dagaa waliolala. Mwenye bustani alitaka aiondoe, aweke ya chuma. Chuma! Mwadini alimgombeza kupitia kwa Dorothea, mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa mkalimani wake, mpaka bwana yule akakubali shingo upande. Mnara wa kwanza tu ndio uliobaki na mbao zake za asili. Wakaguzi wa mambo ya kale wangekuja leo alasiri. Wakiukuta umesimama, reli yote itahifadhiwa na kutengenezwa. Wasipoukuta, ni chuma. Liao akapewa amri asiung'oe hata ubao mmoja mpaka Mwadini mwenyewe atamke.

Sasa mtetezi wa mnara kainama mferejini, anajitoa najisi. Najisi ya nguruwe haina mzaha: maji mara saba, moja iwe kwa udongo. Mwadini akachota udongo, akaukoroga, akautia kinywani na kuusukutua huku machozi yakimtoka. Vibarua walisimama mbali wakimtazama mzee wa watu akila tope. Alipomaliza, mafuta hakuyasikia tena, lakini ladha ya tope na matapishi ilimganda kooni. Ee Mola, angepata japo funda moja la chai.

Na chai ilikuwepo, ya tangawizi, ndani ya chupa aliyoitundika kule juu kwenye mnara asubuhi ili isichafuke. Ila kutapika kulikuwa kumemmaliza, hakuweza kupanda. Dorothea naye alikuwa chuoni kwenye mtihani. Lakini neno hilo linahitaji mkalimani gani? Dunia nzima chai ni chai. Hata Liao lilikuwa halimtoki mdomoni. Asubuhi yote alikuwa akiwapigia vibarua kelele za "chai, chai," ingawa Mwadini hakumwona hata mmoja akinywa.

Akanyoosha mkono kuelekea juu ya mnara. "Chai," akasema.

Liao akaduwaa. Akautazama mnara, akamtazama mzee, akauonyesha kwa kidole. "Chai?"

"Chai," Mwadini akakazia.

Liao akatanua mikono yote miwili, kama anayeuliza: yote? Mwadini akajiambia, huyu anataka kubakishiwa. Leo hapana. Akaitikia kwa kichwa: yote, tena upesi.

Liao akavua kofia yake ngumu, akauinamia mnara kichwa. Kisha akawaita watu wake. Wakapanda, wakashusha chupa, wakashusha na msumeno, randa na kamba zake zote, wakampangia miguuni kwa adabu. Mwadini akaguswa moyoni. Akaenda kukaa kwenye benchi linaloitazama bahari, akaupa mgongo uchafu wote ule, akamimina kikombe na kufumba macho. Tangawizi ikamshuka kooni, roho ikamrudi.

Nyuma yake katapila likanguruma. Mwadini akajiambia ni zile sehemu za katikati zilizooza, zinazobomolewa tangu asubuhi, wala hakuzihurumia. Mbao zikalia, kikafuata kishindo kilichotikisa benchi. Akamimina kikombe cha pili.

Simu ikaita. Dorothea alikuwa ametoka kwenye mtihani, akamwamkia, akauliza kazi inaendeleaje. Mwadini akamsimulia habari ya nguruwe, akatema mate tena kwa kukumbuka tu. Lakini si haba, akamwambia, leo kawasemesha mwenyewe bila mkalimani, na wamemwelewa.

"Umewaambia nini, baba?"

"Neno moja tu, mwanangu. Nimewaonyesha juu ya mnara, nikasema chai."

Nyuma ya Mwadini katapila likazimwa.

"Baba," akasema polepole, "chai yetu wao wanaiita cha. Kwao 'chai' ni bomoa."