Kiapo cha Tausi

Wakili alikigeuza cheti cha kuzaliwa cha Stumai kumwelekea Tausi, akaweka kidole penye jina la mama.

"Hapa umeandikwa wewe. Baba yake Stumai, huko ng'ambo aliko, amewaambia watu wa uhamiaji kwamba mkewe alifariki siku aliyojifungua. Wakikuta hivi, viza ya mtoto kuungana naye hawatoi."

"Dada yangu tulikuwa tumeshamzika," Tausi alisema. "Karani aliuliza mama ni nani, na mtoto nilikuwa nimempakata mimi."

Wakili alishusha pumzi. Viza ya masomo ilishakataliwa mara mbili, na njia iliyobaki ilikuwa hii moja. Akamsogezea karatasi ya kiapo: Mimi, Tausi binti Shomvi, naapa kuwa sikumzaa Stumai, na kwamba yeye si mwanangu.

"Hilo la kwanza ni kweli," Tausi alisema. "La pili liondoe."

"Kule ubalozini hayo mawili ni jambo moja, mama."

Tausi alitia saini polepole, herufi baada ya herufi. Kisha wakili akamwita Stumai kutoka kwenye benchi la nje. Alikuwa ametimiza miaka kumi na sita, hivyo naye alitakiwa kusaini. Msichana aliisoma karatasi hadi mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Akachukua kalamu.

"Nisaini wapi, mama?"

Tausi alimwonyesha kwa kidole. Stumai alipomaliza kuandika, kidole kilikuwa bado kimekaa pale pale juu ya karatasi, na wakili hakuweza kuivuta.