Folda ya Akelo

"Folda haipo: /home/akelo/zamu."

Mzee wa mizani pale soko la samaki la Mwaloni aliyasoma maneno hayo mara tatu kwenye kompyuta mpya ya karani mpya. Akelo alikuwa mkewe, na karani wa hapo mpaka alipofariki. Skripti, yaani programu ndogo ya kupanga zamu za kupima samaki, waliiandika wote wawili kwenye kompyuta mbovu ya marehemu, na jina lake likabaki humo ndani.

"Mzee, kwenye ile ya zamani inakubali, kwangu inagoma," karani akalalamika. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, binti. Inamtafuta mwenyewe."

Miaka minne Akelo aliomba kompyuta kama hii. Wakubwa wakamwambia avumilie, akavumilia mpaka kaburini. Huyu hajamaliza hata mwezi, na kiti chake kinazunguka! Mzee akaona wivu kwa niaba ya marehemu.

"Futa hilo jina, weka la binti," bosi akaamuru toka mlangoni. "Wenye samaki wanapiga kelele huko nje."

Kweli, dawa ilikuwa hiyo. Mzee akaweka kidole juu ya kitufe cha kufutia. Gamba la sangara lilikuwa limegandia ukuchani. Herufi tano tu.

Akakiondoa kidole. Akatengeneza folda mpya ndani ya mashine ya binti, akaipa jina la Akelo, akahamishia zamu zote humo. Akabonyeza.

Orodha ikashuka mpaka mwisho.

"Imekubali!" binti akapiga makofi.

"Umelifuta?" bosi akauliza.

"Si inafanya kazi, bosi?" mzee akamjibu.