Abiria wa Kwenye Ndoo

"Kila mtu amwangalie jirani yake!"

Sauti ya kondakta ilimkuta Flaviana amechuchumaa nyuma ya kichaka. Basi lilikuwa limesimama porini, mbele ya Haneti, ili watu wachimbe dawa. Wanawake wenzake walijisitiri hapo karibu, lakini yeye aliona haya, akaenda mbali.

"Yupo!" abiria wakajibu. "Wa kwangu yupo!"

Akainuka haraka. Yeye hakuwa na jirani. Ili vijisenti vyake vimfikishe Kondoa na kwingineko, alikubali kukaa kwenye ndoo katikati ya njia, kwa nauli pungufu. Bibi wa kiti cha pembeni alimkaribisha karanga. Alizipokea bila hata shikamoo, akaendelea na simu yake.

Begi lake lilikuwa ndani ya basi. Simu pia.

Alikimbia, miiba ikadaka sketi. Ilikuwa miiba iliyopinda kama kulabu. Akinasua mmoja, mwingine unazama kwenye paja.

Injini ikanguruma.

"Subirini, jamani!" Kati ya matawi alimwona yule bibi amesimama mlangoni, kashika bomba, akipaza sauti. "Binti yangu hajarudi!"

"Anaitwa nani, bibi, tumwite?" kondakta akauliza.

Bibi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Bibi, jina!"

Dereva akapiga honi, matairi yakaanza kusaga kokoto.

Flaviana akaivuta sketi mpaka ikachanika, akaliita jina lake mwenyewe kwa sauti yote aliyokuwa nayo.