Msamaha wa Kichwa Kimoja

Gunia halikunuka, na Jaji Ardmurchie akashukuru kimoyomoyo. Mengi yaliyoletwa nyumbani kwake wakati wa likizo ya mahakama yalinuka hata mbwa wakakimbia.

"Umekitia chumvi?" aliuliza.

"Chumvi ipo ya kutosha, Bwana Mkubwa."

Mleta gunia aliitwa Dugald, mtu wa milimani, mwekundu wa ndevu, aliyekonda kama ufito. Mkewe na watoto watatu walikuwa wamejificha pangoni, na theluji ilikwisha anza. Ukoo wao ulipigwa marufuku na mfalme, na kulitamka tu jina la ukoo huo kulikuwa kosa la kunyongwa. Njia ya kupona ilikuwa moja: alete kichwa cha mtu wa ukoo wake mwenyewe, mwenye hadhi kama yake au zaidi, apewe karatasi ya msamaha. Kama asingeipata leo, kesho angening'inia.

"Huyo marehemu ni mtu wa hadhi gani?" aliuliza karani, mzee Pitcairn.

"Kanipita mbali, mzee wangu. Na ushahidi huu hapa." Dugald alitoa ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha ubatizo cha kanisa moja la huko kwao.

Pitcairn aliusoma kimya, kwani jina lile halisomwi kwa sauti. Akatikisa kichwa kukubali. "Ni mtu wa ukoo ule, Bwana Mkubwa."

Jaji hakuutazama ukurasa wala gunia. Miaka ishirini alitia sahihi kwanza, gunia likafunguliwa baadaye na watu wengine. Mawakili mjini Edinburgh walimcheka kwamba hawezi kuona damu. Waliomwita kwa jina la shamba lake, kama majaji wote wanavyoitwa, hawakujua jina alilozaliwa nalo, wala kwamba alichoogopa ni nyuso.

Dugald alikuwa akiuangalia upanga uliotundikwa ukutani. "Ule wa nani?"

"Wa mtu wa kwanza niliyemhukumu. Ndiye aliyenipatia cheo hiki." Jaji alichovya kalamu. "Hakujitetea hata kidogo. Alinitazama tu mpaka wakamtoa nje."

"Labda alikuwa na la kusema, akakuhurumia."

"We bwana, umekuja kuomba msamaha au kunihoji?"

Pitcairn alicheka peke yake. Jaji akatia sahihi, karani akayeyusha lakiri kwenye mshumaa, muhuri ukagandamizwa. Dugald aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Haitatenguliwa?"

"Hata mimi siwezi kuitengua. Kawalee wanao."

Pitcairn alishuka kutafuta kapu la kukipeleka kichwa mjini. Dugald aliitia karatasi kifuani, akaenda mlangoni bila haraka, akasukuma komeo. Kisha akaliburuta gunia mpaka miguuni pa jaji.

"Kitazame, Bwana Mkubwa. Mara moja tu maishani, kitazame."

Jaji alikunja uso. Lakini aliona haya kuonekana mwoga mbele ya mtu wa mapangoni, akafungua kamba, akatia mkono. Alipapasa huku na huku. Vidole vilirudi na chumvi tupu.

"Humu hamna kitu!"

"Bado, baba mdogo," alisema Dugald, na upanga wa baba yake ulikuwa umekwisha toka ukutani.