Bunduki ya Plastiki

Bibi Shinkai aliuma wali wa futari, akasita, akatema kiganjani. Halikuwa jiwe. Kilikuwa kigoroli cha plastiki, cha manjano, kidogo kama punje ya dengu.

"Sasa tunafuturu risasi," alisema.

Mkwewe Wagma akainamisha uso. Zmarak, mjukuu wa miaka saba, akaisukuma bunduki yake nyuma ya mto. Ilikuwa ya kuchezea, nyeusi, zawadi ya mjomba wake wa Peshawar, maana Idi bila bunduki ya plastiki mtoto wa kiume hujiona yatima. Madukani zilitundikwa juu ya peremende na bangili, na kila mwaka zilizidi kufanana na zile za kweli.

Bibi alizichukia kama unywele ndani ya mchuzi. Vigoroli alivikuta kwenye unga, kwenye viatu, hata kwenye firigisi ya kuku. Lakini kilichomtia kichefuchefu hasa ni mchezo wenyewe: mtoto anabandika mtutu kwenye kisogo cha mwenzake, na huyo mwenzake anajua kufa vizuri, macho juu, ulimi nje, na mama zao milangoni wanacheka.

Yeye hakuweza kucheka. Kifungua mimba wake, Baryal, alifia harusini kwa risasi iliyopigwa hewani kwa furaha. Hakuna aliyemlenga. Ilipanda, ikashuka, ikampata.

"Kitendawili," alimwambia mjukuu.

"Tega."

"Mate yake hayalowanishi, ila yanapofua."

Mtoto akafikiri. "Nyoka?"

"Kamuulize Ayaz."

Ayaz alikuwa mtoto wa jirani. Tangu Idi iliyopita alikuwa na jicho moja. Zmarak akaanza kuchezea kishikizo cha shati lake.

Wagma alimtetea mwanawe kwa sauti ya chini. Wenzake wote wanazo, alisema. Jana tu wamemwita binti, wamemwambia akasukwe nywele. Au Idi nzima akae ndani anakanda unga na bibi yake? Bibi akajibu kuwa hajaona unga uliomtoa mtu jicho.

Ila neno la mwisho halikuwa lao. Lilikuwa la Jandad, baba wa mtoto, na Jandad alikuwa bado karakanani. Alikuwa fundi chuma, kama baba yake na babu yake, mtu wa maneno machache. Bibi alimwogopa kidogo, kama mama anavyoweza kumwogopa hata aliyemnyonyesha mwenyewe.

Lakini Ramadhani hii aliona kitu kimelainika ndani yake. Siku chache nyuma Jandad alimfuata jikoni akamwomba ampime mtoto mkono, kimyakimya, kwa ajili ya Idi. Bibi akachomoa uzi wa kijani kwenye tarizi yake. Jandad akataka apime kuanzia kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mkono wa nguo hupimwa kuanzia begani, alimwambia, fundi cherehani yeyote anajua.

"We pima nilivyosema, mama," Jandad alijibu huku akitabasamu.

Bibi akapima, akafunga fundo. Mwanamume kama yule, kuhangaikia nguo ya mtoto! Tangu siku hiyo Bibi alitembea na furaha hiyo kama mtu aliyeficha sukari mdomoni.

Jandad alipoingia, ndevu zake zimejaa unga wa chuma, mama yake hakungoja hata anawe. Alimwekea kile kigoroli kwenye sahani yake.

"Chagua, mwanangu. Kitu hiki kitoke nyumba hii, au nitoke mimi."

Jandad akaitaka bunduki. Akaipima uzito kiganjani, akachungulia mtutuni, akafyatua. Kigoroli kikagonga ukuta, kikaviringika hadi miguuni pa Wagma. Uso wa Jandad ukakunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Nani kaniletea uchafu huu?"

Wagma alisema ni kaka yake, wala hakumaliza sentensi.

"Mtoto atajifunza nini hapa? Kumlenga mwenzake usoni, kwa vile anajua hafi. Akishazoea, basi tena." Akaivunja gotini vipande viwili. "Mwanangu mimi hashiki takataka."

Akatoka nayo hadi mtaroni. Zmarak akalia kwa kwikwi. Bibi Shinkai naye alilia, kwa sababu yake mwenyewe. Jandad aliporudi, mama yake alimvuta kichwa akambusu paji la uso, na harufu ile ya mafuta ya mashine, ambayo miaka yote ilimchefua, usiku ule haikumchefua.

Asubuhi ya Idi wanaume walirudi kutoka kuswali, tambi za maziwa zikawekwa mkekani. Zmarak alivaa nguo mpya ya dukani, mikono yake mirefu mpaka inameza vidole. Bibi akaitazama mikono ile. Akajiuliza nguo iliyopimwa kwa uzi iko wapi.

Jandad akaingia na kitu kirefu ndani ya kitambaa cheupe, akakilaza mapajani mwa mwanawe. Kilikuwa kizito, magoti ya mtoto yakashuka.

"Futa machozi," alimwambia. "Mtoto wa fundi hashiki plastiki."

Zmarak akafunua. Chuma cheusi kikang'aa kwa mafuta, na risasi za shaba zikabingiria mkekani. Kitako cha mti wa jozi kilimkaa sawasawa, tangu kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada; na juu yake bado ulikuwa umefungwa uzi wa kijani, fundo lake likigusa kifyatulio.